Maswali ya Wasomaji: Je, nihamie chuo kidogo?

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kikubwa cha umma. Nasomea shahada ya ualimu katika masomo ya Kiswahili na Historia, na Bodi ya Mikopo inanipa fedha za chakula na malazi pamoja na sehemu ya ada. Tangu nifike hapa hakuna mhadhiri anayenijua hata kwa sura. Mihadhara ya pamoja hujaza ukumbi hadi wengine tunasikilizia madirishani, na alama za jaribio langu moja zilipopotea nilizungushwa ofisi tatu kwa wiki mbili. Mkoani kwetu kuna chuo kidogo cha binafsi anakosoma binamu yangu; darasani wako thelathini na watano, na mkuu wa idara humwita kila mmoja kwa jina. Baba anasema nisiache chuo chenye jina. Nifanye nini?
Msomaji, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefunga malalamiko mawili katika kifurushi kimoja, nami ningependa uyatenganishe kwanza. Alama kupotea ni uzembe wa kiofisi, na uzembe huo hauangalii ukubwa wa chuo. Linalonishughulisha ni hilo la pili, la kukaa muhula mzima bila mtu mwenye dhamana ya kukufundisha kujua kwamba upo.

Hata hivyo, hukuniandikia neno lolote kuhusu semina. Katika vyuo vikubwa mhadhara ni wa umati, lakini umati huo kwa kawaida hugawanywa katika makundi ya semina yanayosimamiwa na wahadhiri wasaidizi, na huko ndiko mwanafunzi hujulikana, ikiwa anafika na kufungua kinywa. Anayejificha kiti cha nyuma katika semina ya watu ishirini atajificha vilevile kwa binamu yako. Sisemi kwamba ndivyo ulivyo. Nasema uanze kujikagua hapo, kwa sababu hakugharimu hata nauli.

Ukishajikagua, nenda ukakione hicho chuo siku ya kawaida ya masomo, wala usiende siku ya mahafali, maana siku hiyo kila chuo hupendeza. Simama mbele ya ubao wa matangazo usome ratiba. Ukiona herufi za jina la mhadhiri mmoja zinajirudia katika kozi nne au tano, moja ya fasihi, nyingine ya isimu, nyingine ya mbinu za kufundisha, ujue kwamba udogo unaosifiwa na binamu yako ni pamoja na udogo wa idadi ya walimu, na mwalimu huyo akiugua, nusu ya muhula wako imeugua naye. Ingia maktaba, utafute vitabu vitatu unavyovitumia sasa. Hakikisha pia kwamba Kiswahili na Historia vinafundishwa kwa pamoja, kwa kuwa chuo kidogo mara nyingi hakina michepuo yote, nawe utakwenda kufundisha sekondari kwa masomo hayo mawili.

Baba yako naye asipuuzwe, ingawa nadhani hoja yake ina nguvu zaidi upande wa ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwa ubora wa chuo, kuliko upande wa jina. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa sababu za ubora, na chuo kinachoishi kwa ada za wanafunzi wachache hutikisika upesi idadi ikishuka. Kuhusu jina, mwonyeshe mfano wa Mkwawa, Iringa: ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, na wahitimu wake hutunukiwa shahada ya Dar es Salaam. Kwa hiyo uliza nani atakayetia saini cheti chako.

Sasa taratibu, ambako wengi hukwama. Uhamisho hauanzi kwa kufunga begi. Unaomba katika chuo unachokwenda, nacho kinatazama kama una sifa za kujiunga na programu hiyo na kama nafasi ipo, kisha idhini ya TCU inahitajika. Shahada ya miaka 3 huwa na krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi unazofaulu, zisizopungua 360, na chuo kinachokupokea ndicho kinachoamua ni ngapi kati ya ulizokwisha kupata zitatambuliwa. Jibu hilo ulipate kwa maandishi, kozi kwa kozi, kwa sababu krediti zilizokataliwa maana yake ni muhula wa kurudia na ada ya kulipa tena. Mkopo nao hauhami wenyewe. Muone afisa mikopo wa chuo chako kabla hujaandika barua ya kuondoka, umuulize utaratibu wa kuuhamisha, kisha piga hesabu ya ada ya chuo cha binafsi ambayo mkopo hautaifikia.

Ningekuwa mahali pako, nisingehama muhula huu. Ningezitumia wiki zilizobaki kufika katika kila semina na kugonga mlango wa mhadhiri mmoja nikiwa na swali la somo mkononi, na likizo ningekwenda kusoma ule ubao wa matangazo. Usisubiri hadi mwaka wa pili uishe, kwani kila muhula unaopita huongeza krediti zinazoweza kukataliwa. Ukirudi kutoka huko, niandikie ulichokiona kwenye ratiba.