Wosia mbele ya jaji: maswali yenu ya juma hili

Barua nyingi safari hii zinauliza kama wosia fulani ni wa haki. Jaji wa Kitengo cha Familia cha Mahakama Kuu ya Kenya, pale Milimani, Nairobi, haanzii hapo. Huuliza kwanza kama karatasi hiyo ni wosia halali, kisha marehemu alikusudia nini, na baadaye ndipo atazame nani ameachwa mikono mitupu.

Baba alimwachia kaka "ploti yangu ya Ruai", lakini namba ya hatimiliki imekosewa tarakimu moja. Wosia umeanguka? (Kifungua mimba, Donholm)

Haujaanguka. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ina jedwali zima la kanuni za kusoma wosia, na kosa la jina au namba haliharibu zawadi ikiwa kitu chenyewe kinajulikana. Leteni matokeo ya upekuzi rasmi wa ardhi. Baba akionekana na ploti moja tu Ruai, ndiyo hiyo. Zikiwa mbili, jaji atasikiliza ushahidi wa nje ya wosia: ipi ilikuwa na nyumba wakati ule, ipi kaka alikuwa akiitumia, baba aliiitaje kwenye barua zake.

Ushahidi wa namna hiyo una mpaka. Kama baba aliandika "nampa ……… ploti yangu" akaacha nukta hizo bila jina, hakuna shangazi atakayeruhusiwa kuja kusema alimkusudia nani. Na vifungu viwili visivyopatanishika kabisa, mathalani cha 3 kikimpa kaka nyumba na cha 9 kikimpa dada nyumba ileile, cha mwisho ndicho hushika.

Nyanya alitugawia mali kwa mdomo akiwa wodini Februari 2, sote tukisikia. Alifariki Mei 20. (Wajukuu, Kayole)

Poleni. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wawili au zaidi, na msemaji awe amefariki ndani ya miezi 3 tangu aseme. Miezi hiyo ilikwisha mwanzoni mwa Mei. Kama hakuacha wosia wa maandishi, mali itagawanywa kana kwamba hakusema neno.

Mama aliniachia nyumba, na mimi nilitia saini kama shahidi. (Binti, Umoja)

Wosia unasimama, zawadi yako ndiyo inayoanguka, isipokuwa kama kuna mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Hata mumeo angeshuhudia, matokeo ni yaleyale. Hili ndilo kosa la bei rahisi kuliko yote kuepuka: jirani wawili wangetosha.

Wosia ni wa 2009, baba akaoa tena 2015. Bado unafuatwa? (Kitinda mimba, Kariobangi)

Ndoa ya baadaye huubatilisha wosia, ila kama uliandikwa ukiitaja ndoa hiyo na mtu huyo.

Shikamoo wakili. Mume wangu aliwaachia ndugu zake kila kitu, mimi na watoto hatutajwi. (Mama wawili, Githurai)

Marahaba, mama. Usihangaike kuthibitisha kwamba marehemu alirukwa na akili. Sheria humdhania mtu kuwa timamu, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo ungekuwa wako. Njia yako ni kifungu cha 26: mke na watoto ni wategemezi, na mahakama yaweza kuwatengea sehemu bila kuufuta wosia wote. Ambatisha hati ya kiapo yenye cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, karo, kodi ya nyumba, na chochote alichowapa akiwa hai, kwa kuwa jaji atakiuliza. Ombi liingie kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi, yaani ile inayompa msimamizi mamlaka juu ya mali ya marehemu, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika baada ya miezi 6 tangu itolewe. Ikishathibitishwa, mlango huo umefungwa.

Kaka ndiye msimamizi aliyetajwa kwenye wosia. Ameshaleta mnunuzi wa ploti. (Ndugu, Kasarani)

Kutajwa kunampa haki ya kuitunza mali. Kuuza ardhi ni jambo jingine: hata akiwa na hati mkononi, hawezi kabla haijathibitishwa. Asiye na mamlaka akigusa mali ya marehemu ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45, faini hadi shilingi 10,000, kifungo hadi mwaka 1, au vyote viwili. Mwambieni mnunuzi leo, kwa maandishi, kabla hajalipa amana.