Nikimkataza Baba Chumvi, Anaongeza

SWALI: Shikamoo mwandishi wa ukurasa huu. Baba yangu ana umri wa miaka 68 na presha yake iko juu. Daktari alimshauri apunguze chumvi, naye akaitikia vizuri kabisa. Lakini tukiwa mezani nikisema tu, "Baba, chumvi hiyo," ananitazama, anachukua kikopo na kunyunyiza tena juu ya dagaa ambao nilikwisha kuwatia chumvi jikoni. Nimemletea vipeperushi, nimemwonyesha video, hata kulia nimelia. Nifanye nini ili aelewe? — Binti wa Morogoro

JIBU: Marahaba, binti yangu. Naona kosa liko katika neno lako la mwisho. Baba ameelewa zamani. Asiyeelewa hujitilia chumvi bila kufikiri. Haongezi huku akimkazia macho aliyemkataza.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, alieleza kwamba mtu anapohisi kuwa uhuru aliouzoea unanyang'anywa, hupatwa na msukumo wa kuurudisha, na njia fupi kuliko zote ya kuurudisha ni kutenda lile lile alilokatazwa. Watafiti wawili, Pennebaker na Sanders, waliliona jambo hili vyooni: walibandika matangazo ya kuzuia watu wasichoree kuta, mengine yakiwa ya amri kali na mengine ya ombi la upole, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1976, amri kali ndiyo iliyovuta maandishi mengi zaidi. Sipendi kujenga nadharia juu ya harufu ya ukuta, lakini kila nipitapo penye maandishi mekundu ya "MARUFUKU KUKOJOA HAPA" huwakumbuka watafiti hao.

Kwa baba yako, nadhani kinachogombewa si chumvi, bali ni nani mwenye kauli mezani pake. Daktari aliposema, baba alikuwa mgonjwa mbele ya mtaalamu na hakupungukiwa na kitu. Wewe unaposema, tena mbele ya wajukuu kama wapo, anajiona mzazi anayerudiwa na mtoto wake. Vipeperushi haviwezi kuliondoa hilo. Kila ushahidi unaoongeza unamzibia njia ya kukubali bila kuonekana ameshindwa na binti yake.

Kuna hasara nyingine ambayo huenda hukuiwazia. Watafiti wawili, Tormala na Petty, walionyesha mwaka 2002 kwamba mtu akishambuliwa kwa hoja anazoziona kuwa nzito, kisha akajiona amezihimili, hutoka akiwa na uhakika zaidi na msimamo wake kuliko alivyokuwa kabla ya kushambuliwa. Maana yake ni kwamba kila mlo mnaobishana unamfanyisha mazoezi.

Kwa hiyo acha mazoezi hayo. Kwa wiki chache weka kikopo karibu naye, weka na ndimu na pilipili, kisha zungumzeni habari za shamba. Siku akiwa ametulia, tena si wakati wa kula, muulize: "Baba, hivi daktari alikuambiaje?" Mwache aseme mwenyewe, kwa sababu maneno yaliyotoka kinywani mwake hana haja ya kuyapinga. Ukimwomba jambo, malizia kwa kusema kwamba uamuzi ni wake. Guéguen na Pascual, watafiti wa Ufaransa, waliripoti mwaka 2000 kwamba watu walioombwa nauli ya basi na wageni walitoa kwa wingi zaidi walipoambiwa kuwa wako huru kukubali au kukataa. Lakini useme ukimaanisha, kwa sababu mzee wa miaka 68 hutambua mtego. Usimpunguzie chumvi kwa siri pia. Akigundua, utakuwa umemthibitishia kwamba anatawaliwa. Na siku zake za kupima presha zisikose hata moja.

SWALI: Mwanangu anakwenda chuo Nairobi, na nasikia vijana huko hushawishiwa na watu wa faida za haraka. Nimemlea kwa mawaidha mema tu. Je, nimwongezee? — Mama wa Changamwe

JIBU: Mama, binti wa Morogoro anataka kuulegeza ukinzani, nawe unataka kuujenga. Mawaidha peke yake hayaujengi. Mwaka 1953, baada ya vita vya Korea, askari 21 wa Marekani waliokuwa mateka walikataa kurudi kwao, na watu wakajiuliza imekuwaje. Mwanasaikolojia wa Marekani, William McGuire, alikuja kuliangalia suala hilo kwa mfano wa chanjo: imani ambayo haijawahi kupingwa ni kama mwili uliolelewa mahali pasipo na vijidudu, unaonekana mzima mpaka siku ya kwanza ya kuguswa. Yeye na mtafiti mwenzake, Papageorgis, walichapisha jaribio mwaka 1961 wakitumia mambo ambayo Wamarekani hawakuwahi kuyatilia shaka, kama vile kupiga mswaki baada ya kila mlo. Waliopewa sababu za kuunga mkono tu waliyumba sana walipokuja kupingwa. Walioonyeshwa kwanza hoja dhaifu za upinzani pamoja na majibu yake walisimama vizuri zaidi.

Basi jioni moja kabla hajasafiri, jigeuze wewe tapeli. Mwambie: "Kaka, weka elfu tano leo, Ijumaa unachukua elfu nane, mwenzako wa darasani ameshalipwa." Usimpe jibu. Mwache atafute mwenyewe pesa ya huyo mwenzake ilitoka mfukoni mwa nani, na kwa nini anaambiwa lazima iwe leo. Akikwama, mpe dokezo moja, kisha urudie kwa sura nyingine: mara rafiki, mara mtu wa dini, mara msichana mzuri. Kinga hii hufifia kadiri muda unavyopita, kwa hiyo likizo ya kwanza akirudi, mkiwa mnamenya viazi, mrushie tena moja bila kumwonya.