Lesotho Peke Yako: Hesabu Jua, Usihesabu Kilomita

Ukitaka kuzunguka Lesotho na begi mgongoni, ramani isikudanganye. Nchi ni ndogo, imezungukwa pande zote na Afrika Kusini, lakini yote iko juu. Sehemu yake ya chini kabisa ina takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, yaani bonde lao liko sawa na mji wa Arusha. Mimi mtu wa Tanga nilikwenda mwezi wa saba, katikati ya kipupwe, na koti moja.

Siku ya kwanza nilifika stendi ya Maseru, mji mkuu, saa nne asubuhi kutafuta gari la Semonkong, kama kilomita 120. Konda akasema tunaondoka sasa hivi. Gari haliondoki mpaka lijae, tukang'oa saa nane mchana. Wahi alfajiri, wakati wenyeji nao wanawahi.

Kuhusu pesa: loti moja, pesa ya Lesotho, ni sawa na randi moja ya Afrika Kusini, na randi inapokelewa nchi nzima. Loti ukivuka nayo mpaka haina kazi. Mimi nilitoka na nyingi mfukoni, na Johannesburg duka la kwanza tu wakaikataa. Siku za mwisho omba chenji ya randi.

Lakini kilichonitia hofu ya kweli ni maporomoko ya Maletsunyane. Maji yanaanguka mita 192 kwa mkupuo mmoja, na mvuke wake ndio ulioupa mji jina: Semonkong, mahali pa moshi. Saa tisa alasiri nilitoka nilikofikia kwenda kuyaona. Nikakaa kutazama barafu iliyoganda miambani, na saa kumi na moja na nusu jua likazama. Simu ilikuwa na chaji ya kutosha, baridi ikaizima. Njia za mifugo zinaingiliana, zote zinafanana, na chini yako kuna korongo. Nilisimama pale pale, vidole havina hisia, nikiogopa hata kupiga hatua.

Nikasikia mbwa, kisha mluzi, mbwa wakanyamaza. Alikuwa mchungaji, kijana wa miaka kama 14, blanketi zito limebanwa kwa pini kubwa begani, buti za mpira miguuni. Kwa Kisotho mchungaji huitwa molisana, na sikio la Mswahili linasikia "kulisha" humo ndani. Nikasema salamu pekee niliyokuwa nayo: "Lumela." Akaitikia, akanishika mkono wa koti, akaniongoza hadi nyumba ya msonge ya bibi yake.

Nkhono, ndivyo wanavyomwita bibi, alinisogeza karibu na moto wa samadi kavu, akanipa papa le moroho. Ni ugali na mboga za majani, kabisa! Nilikula mpaka vidole vikapata joto, kisha kijana akanisindikiza hadi nilikofikia.

Kwa hiyo: kila matembezi yaishe saa kumi. Beba tochi ya kuvaa kichwani, simu iweke ndani ya shati, usiku lala nayo. Nunua blanketi huko huko. Na jifunze salamu kabla hujapanda ndege. Mzee mwite ntate, mama mwite 'm'e.

Asubuhi nilirudi kwa nkhono na sukari na mafuta ya kupikia. Alinipokea kwa mikono miwili. Kijana alikuwa ameshatoka na kondoo tangu alfajiri.