Kabla Hujalipia Springi za Kushusha Gari: Jibu kwa Msomaji wa Kisumu

Juma lililopita niliandikiwa na kijana mmoja wa Kisumu ambaye ametoka kuchukua Toyota 86 yake ya kwanza bandarini Mombasa, gari jeupe lisilo na mkwaruzo hata mmoja. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, nimepata springi za kushusha gari milimita 50, na bei ni nzuri. Ninunue?" Nilimjibu hapana, nikamwahidi kwamba nitaeleza sababu kwa urefu, kwa kuwa najua wanaouliza swali hilo ni wengi. Sisi tunaoendesha magari madogo ya spoti upande huu wa nchi tunatafuta kitu kimoja: gari lisiloyumba kwenye kona, linaloutii usukani papo hapo, na linaloonekana limeikalia barabara. Springi nzuri hukupa hayo yote. Springi zilizochaguliwa kwa kutazama picha huyaondoa yote.

Nianze na gari lenyewe, maana ushauri wa springi usiotaja gari hauna faida. Langu nalo ni 86, la mwaka 2013, lililoingia nchini likiwa bado halijavuka kikomo cha miaka 8 kinachowekewa magari ya mtumba. Toyota na Subaru walilibuni pamoja na kulitoa sokoni mwaka 2012, na tangu mwanzo nia yao ilikuwa uzito ukae chini. Ndiyo maana injini yake ya lita 2 ina silinda 4 zilizolazwa, mbili kila upande, badala ya kusimamishwa. Kwa hiyo unapolinunua tayari umenunua gari lililokwisha kushushwa na watu waliosomea kazi hiyo. Likitoka kiwandani, nafasi kati ya tumbo lake na ardhi ni milimita 130. Toa 50, unabaki na 80, kabla hujaketi, kabla mwenzako hajaketi kando yako, na kabla tangi halijajazwa.

Karibu na kwangu Kiamunyi, hapa Nakuru, kuna tuta ambalo wakazi walilijenga wenyewe kwa saruji na kokoto baada ya kuchoshwa na mwendo wa bodaboda. Nililipima kwa fimbo iliyonyooka na rula, nikapata sentimita 9. Nilikuwa na kipimo hicho mkononi ndipo nikaanza kutafuta springi. Za kushusha milimita 25 zingeniachia nafasi ya milimita 105, na hata nikibeba abiria gari likazama kidogo zaidi, ningelipita tuta hilo taratibu bila kuguswa. Za milimita 50 zingenikalisha juu yake. Nikaamua kuchukua za 25, na wenzangu ninaokutana nao Jumapili wakanicheka. Mmoja alisema nimetumia pesa nyingi kwa ajili ya upana wa vidole viwili, na maneno hayo yaliniuma kuliko nilivyoonyesha, kwa sababu yalitoka kwa mtu niliyemheshimu na aliyenifundisha mengi kuhusu magari. Leo mimi ndiye ninayeulizwa maswali, na sioni aibu kusema kwamba ninalifurahia hilo.

Hata hivyo, nafasi ya chini ya tumbo si jambo kubwa kuliko yote, na hapa ndipo wengi hupotea. Jambo kubwa ni mwendo wa shoki, yaani umbali ambao fimbo ya shokabsoba inaweza kuingia ndani kabla ya kugonga mpira wa kizuizi ulio juu yake. Tuseme shoki yako ina milimita 60 za kuingia gari likiwa limesimama. Ukishusha gari kwa milimita 25 unabaki na 35, na ukilishusha kwa 50 unabaki na 10 tu. Milimita 10 huisha kwenye kiraka cha lami. Kuanzia hapo gari halibebwi tena na springi bali na mpira, na mpira ukibanwa huwa mgumu ghafla, kwa hiyo gurudumu la nyuma linaweza kuruka katikati ya kona wakati ambapo unalihitaji zaidi. Dereva hudhani springi zake ni ngumu kwa sababu ni za spoti, kumbe hazifanyi kazi yoyote.

Upimaji wake hauhitaji mashine. Chukua ule utepe mdogo wa plastiki wa kufungia nyaya, ufunge kwenye fimbo ya shoki, uubane kiasi cha kutosonga wenyewe, kisha uusukume hadi ugusane na mwili wa shoki. Kwenye shoki nyingi utalazimika kuinua kwanza gamba la vumbi. Endesha katika barabara unayoipita kila siku, kwa mwendo wako wa kila siku, halafu urudi utazame utepe umesukumwa hadi wapi. Mimi nilikwenda Njoro na kurudi, nikaukuta utepe wa mbele umepanda hadi karibu na mpira, ukiwa na vumbi letu la kijivu limeganda chini yake kama mstari wa kalamu. Gari lilikuwa bado na springi za kiwandani. Mstari huo ulinieleza zaidi ya kurasa zote nilizosoma: nafasi ya kuchezea ilikuwa ndogo, na kila milimita niliyotaka kuiondoa ilipaswa kufidiwa kwa ugumu wa springi.

Ugumu huo huandikwa kwa namba, na muuzaji asiyeweza kukupa namba hiyo usimwamini. Wajapani huiandika kwa kilo kwa milimita, Wajerumani kwa niutoni kwa milimita, na Wamarekani kwa pauni kwa inchi. Kilo 1 kwa milimita ni sawa na niutoni 9.8, au pauni 56 kwa inchi. Badilisha zote ziwe katika kipimo kimoja kabla ya kulinganisha. Kumbuka pia kwamba ugumu hutokana na unene wa waya uliopandishwa hadi kipeo cha nne, kwa hiyo waya wa milimita 13 badala ya 12, mengine yote yakiwa sawa, huongeza ugumu kwa zaidi ya theluthi. Ndiyo sababu springi bandia zinazofanana kabisa na halisi kwa rangi na umbo zinaweza kuwa tofauti kabisa barabarani. Ukiwa na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, pima waya.

Kuna springi ambazo ugumu wake haubadiliki, na kuna zile ambazo mizunguko yake imekaribiana upande mmoja, hivyo huanza kwa ulaini na kuongezeka ugumu kadiri zinavyobanwa. Kwa barabara zetu mimi hupendelea hizi za pili, ingawa najua wanaoshindana kwenye viwanja vya mbio hupendelea zile za kwanza kwa kuwa tabia yake hutabirika zaidi. Wenye viwanda hutengeneza viwango viwili au zaidi: Eibach wana Pro-Kit na Sportline, Tein wana H.Tech na S.Tech, na katika kila jozi, ile iliyotajwa kwanza ndiyo ya upole. Chagua ya upole. Nimelisema hili kwa kila aliyeniuliza na nitazidi kulisema, kwa sababu anayeishi Nakuru, Kericho au Kisumu hana barabara ya kutumia ile nyingine.

Upo pia ukweli usiopendwa, kwamba kushusha gari kupita kiasi kunaweza kulifanya lilale zaidi kwenye kona. Mbele ya 86 kuna mfumo wa MacPherson, yaani shoki na springi vimesimama pamoja kama nguzo moja, na mkono wa chini hushikilia gurudumu kutoka katikati ya gari. Gari likishushwa sana, ncha ya mkono huo iliyo upande wa gurudumu hupanda juu ya ncha ya ndani, na ile nukta ambayo bodi hulalia juu yake hushuka kwa kasi kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Umbali kati ya nukta hiyo na uzito huongezeka, na uzito hupata nguvu zaidi ya kuliinamisha gari. Anayeshusha milimita 50 kwa springi laini hupata sura ya gari la mashindano na tabia ya lori lililobeba nyasi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bado linanichoma. Springi zangu zilifungwa mara ya kwanza katika gereji moja ambayo sitaitaja, gereji yenye sakafu safi na mafundi wenye sare. Walizifunga gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia, na wakakaza bolti zote za mikono hapo hapo. Nilipouliza, niliambiwa, "Mkubwa, hii kazi tumeifanya miaka mingi." Bushi za mikono zina mpira ulioshikamana na chuma pande zote mbili, na ukizikaza magurudumu yakiwa yamening'inia, gari likishushwa chini mpira hujipinda na kubaki umejipinda saa zote, hata gari likiwa limelala maegeshoni. Wangu ulipasuka mapema. Nilisikia mlio kila nilipopita tuta, nikarudi kwao, wakasema ni springi zangu za kuagiza. Nilizilipia bushi mpya mwenyewe, na fundi wa jua kali mwenye kibanda cha mabati ndiye aliyezifunga inavyostahili: alifunga kila bolti kwa kulegeza, akalishusha gari likalie magurudumu yake juu ya mbao nene, akaingia chini na kukaza akiwa amelala kwenye katoni. Sare na sakafu safi havikazi bolti. Muulize fundi wako, kabla hajagusa spana, atakaza bushi gari likiwa wapi.

Kuhusu kukata springi au kuzichoma kwa gesi ili zilale, sitatumia maneno mengi. Moto huondoa ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani, na springi iliyokatwa hukosa ncha ya kukalia bakuli lake, hivyo gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka mahali pake. Usikubali, hata kama fundi ni mjomba wako.

Shoki nazo ziangaliwe. Springi ngumu zaidi huhitaji shoki yenye nguvu ya kuzituliza, na shoki iliyochoka, ambayo mafuta yake yameanza kulowesha mwili wake, itaachia gari lidundedunde hata kwa springi bora. Baada ya kazi, magurudumu yapimwe alainimenti, kwa maana gari lililoshuka huinamisha vichwa vya matairi kwa ndani na kuyageuza kidogo kutoka mwelekeo wake, na tairi la mbele huliwa upande mmoja bila kukuonya. Taa za mbele zirekebishwe. Bima waarifiwe.

Nilipomaliza hayo yote nilipanda Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, nikakata kushoto kuelekea Londiani. Kwenye mlima, malori yamechimba mifereji miwili katika lami, na kati yake lami imefura. Niliipita nikiwa na gurudumu moja juu ya mfuro na tumbo halikugusa. Baada ya Kericho barabara inashuka katikati ya chai kuelekea Awasi na uwanda wa Ahero, kona baada ya kona, na huko ndiko nilikojua kwamba nilichagua vyema. Gari liliingia kila kona mara moja, likatulia, likatoka. Kiraka kilichokuwa katikati ya kona moja kilisikika mikononi lakini hakikulisogeza gari kutoka kwenye mstari wake. Yule rafiki yangu wa vidole viwili alikuwa ameketi kando yangu, na alinyamaza hadi Kipsitet.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kisumu, kabla hujatuma pesa nifanyie kazi ndogo. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, kwenye magurudumu yote manne, tangi likiwa nusu. Funga utepe kwenye shoki za mbele na za nyuma, uendeshe hadi Kericho na kurudi, kisha unipigie picha mahali ulipofikia kila mmoja. Ongeza picha ya maandishi yaliyo kwenye springi hizo unazouziwa, namba ya modeli na namba ya ugumu zikionekana. Kama hazina maandishi yoyote, mrudishie mwenyewe na usinitumie picha.