Maswali ya Wasomaji: Asilimia 30 ya Nini?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, ninaishi Ipagala hapa Dodoma. Katika kundi letu la WhatsApp linazunguka bango linalodai kwamba mgombea urais mmoja akishinda atamkata asilimia 30 kila mfanyakazi ambaye mshahara wake unazidi milioni moja, ili agharimie mpango wa elimu wa shilingi trilioni 20. Mimi ninalipwa 1,100,000, na wenzangu wamekwisha kunipigia hesabu ya 330,000 kuondoka kila mwezi. Je, madai haya ni ya kweli, na mtu asiye mchumi anayachunguzaje?

Mwalimu, Ipagala

JIBU: Mwalimu, bango hilo limewashika watu kwa sababu ndani yake lina kipande cha ukweli. Asilimia 30 ipo, lakini haisubiri mgombea yeyote ashinde. Imo katika hati yako ya mshahara wa mwezi uliopita, kwenye mstari ulioandikwa PAYE, yaani kodi ya mshahara. Kwa Tanzania Bara, shilingi 270,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazitozwi kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi milioni moja asilimia 25, na kinachozidi milioni moja, narudia, kile kinachozidi tu, ndicho hutozwa asilimia 30.

Tuichukue hati yako. Kwanza unatolewa mchango wako wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, yaani 55,000, kabla kodi haijahesabiwa, hivyo kinachotozwa kodi ni 1,045,000. Kodi ya milioni ya kwanza ni 128,000 (20,000, kisha 48,000, kisha 60,000). Zile 45,000 za juu hutozwa asilimia 30, ambayo ni 13,500. Jumla ni 141,500, chini kidogo ya asilimia 13 ya mshahara wako wote. Linganisha na hiyo 330,000 ya wenzako. Tena, hata kama mgombea huyo angekuwa amekusudia kukipandisha kiwango cha juu kutoka 30 hadi 35, wewe ungeongezewa shilingi 2,250 kwa mwezi. Unaweza kuzichukia hizo 2,250, na ni haki yako, lakini uzichukie kwa kiasi chake.

Kwa hiyo kabla ya kumuuliza mtu kama kiwango fulani ni kikubwa, muulize kwanza leo ni kiasi gani. Bango lililowatisha halikutaja kiwango cha sasa, na sidhani kwamba aliyelitengeneza alisahau. Halafu fungua ilani ya chama husika kwenye sura ya kodi usome sentensi yenyewe, maana mara nyingi utakuta ilani inasema "kupanua wigo wa walipakodi", maneno ambayo mpinzani huyatafsiri kuwa kupandisha kodi, na ambayo mgombea mwenyewe, ukweli usemwe, huyaacha yaelee hivyo hivyo ili asimuudhi mtu.

Kuhusu trilioni 20, swali ni moja: kwa muda gani? Bajeti nzima ya Serikali ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, na kati yake matumizi ya maendeleo yalitengewa trilioni 14.76. Mpango wa trilioni 20 kwa mwaka mmoja ungemeza fungu lote la maendeleo, barabara, maji na zahanati, na bado ungedai zaidi ya trilioni 5. Ukigawanywa kwa miaka mitano ya uongozi ni trilioni 4 kwa mwaka, fedha nyingi bado, lakini ni mjadala mwingine kabisa. Wapinzani wa mpango hupenda kutaja jumla ya miaka mitano kana kwamba ni ya mwaka mmoja. Wenye mpango nao hufanya vivyo hivyo siku wanapotaka kuonekana wakarimu.

Kumbuka pia kwamba Rais hatozi kodi kwa tamko. Ibara ya 138 ya Katiba inataka kila kodi itokane na sheria iliyotungwa na Bunge, na jambo hilo hufanyika hapa hapa mjini kwetu kila Juni, Waziri wa Fedha anaposoma bajeti na kuleta Muswada wa Sheria ya Fedha, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai.

Ndugu Mhariri,

Mgombea ubunge wetu ameahidi kwamba akichaguliwa atafuta ushuru wa mazao sokoni Kibaigwa. Mpinzani wake anasema mbunge hana uwezo huo. Nani mkweli?

Mkulima wa mahindi, Kongwa

JIBU: Kila mmoja amekueleza nusu. Ushuru huo umo katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa hiyo Bunge ndilo huugusa. Lilikwisha kufanya hivyo mwaka 2017, lilipoushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Ibara ya 99 ya Katiba inamzuia mbunge kuanzisha kodi mpya au kuongeza iliyopo bila pendekezo la Serikali, lakini haimzuii kupendekeza kupunguza. Mgombea wako anaweza kulipeleka jambo hilo Bungeni. Kulipitisha kunahitaji kura za wenzake. Ahadi ya kweli ingekuwa "nitapendekeza", siyo "nitafuta".

Muulize pia halmashauri itaziba pengo hilo kwa nini, kwa kuwa ushuru ni sehemu ya mapato yake ya ndani, na asilimia 10 ya mapato hayo hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Halafu pima uzito wa ahadi yenyewe. Kisheria ushuru hulipwa na mnunuzi, ingawa sote tunajua kwamba huukata kwenye bei. Gunia la kilo 100 likiuzwa 50,000, asilimia 2 ni shilingi 1,000. Gunia hilo hilo likijazwa lumbesa kwa debe moja zaidi, takribani kilo 20, umetoa bure mahindi ya 10,000. Mgombea atakayezungumzia mizani sokoni atakuwa amegusa hasara iliyo mara kumi ya ile ya ushuru.

Ndugu Mhariri,

Redioni mmoja alisema kupandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kutoka asilimia 18 hadi 20 ni ongezeko la asilimia 2, mwingine akasema ni asilimia 11. Nani kakosea?

Msomaji, Manyoni

JIBU: Wa kwanza alipaswa kusema "pointi 2 za asilimia". Wa pili yuko sahihi, kwani 2 ni asilimia 11 ya 18. Ila kwako wewe mnunuzi, bidhaa ya 118,000 ingekuwa 120,000, yaani bei ingepanda kwa asilimia 1.7, na usiisingizie kodi hiyo bei ya mahindi ghafi, kwa kuwa mazao yasiyosindikwa yamesamehewa VAT. Kiwango cha 20, kwa taarifa yako, si kigeni hapa nchini: ndicho tulichokuwa tukilipa hadi kiliposhushwa kuwa 18 mwaka 2009.