Maswali ya Wanafunzi wa Sosholojia: Ajira, Miradi na Utafiti

Shikamoo Mwalimu. Je, sosholojia ina soko? (Mwaka wa kwanza, Dar es Salaam)

Marahaba. Swali hili linarudi kila muhula, na mwulizaji hasemi hata anataka kufanya kazi gani. Wanaotafutwa ni watu wanaojua kukusanya taarifa, kuzichambua na kuziandika zikaeleweka.

Naweza kuajiriwa serikalini bila kusomea ustawi wa jamii? (Mwaka wa pili, Dodoma)

Unaweza. Matangazo ya nafasi ya Afisa Maendeleo ya Jamii yamekuwa yakiitaja sosholojia miongoni mwa fani zinazokubaliwa, ila usome sifa za mwombaji mstari kwa mstari kabla ya kutuma maombi. Ujue pia kwamba katika halmashauri utashughulika na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ambapo utapitia katiba za vikundi na kufuatilia marejesho. Anayekimbia somo la takwimu chuoni atalikuta huko.

Nataka mashirika yasiyo ya kiserikali tu, ndiko kwenye mishahara. Nianzie wapi? (Mwanza)

Anza kwa kuliondoa hilo “tu”. Marekani iliposimamisha misaada yake mwaka 2025, wengi walioajiriwa kwa mikataba ya miradi, hasa ya UKIMWI, walirudi nyumbani kabla ya muda wao kwisha.

Katika miradi mikubwa ya ujenzi, mwanasosholojia anafanya nini? (Mwaka wa tatu, Tanga)

Hili ni swali la mtu aliyefikiri. Chukua bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443: kabla ya bomba kama hilo kufukiwa, lazima ijulikane nani anaishi, analima au amezika wazee wake pale linapopita. Mthamini huhesabu minazi na vyumba. Mwanasosholojia huuliza fomu yenye nafasi ya jina la mkuu wa kaya peke yake itamwachaje mke anayelilima shamba lile, na mpangaji ambaye hana hati yoyote atakwenda wapi. Asipowauliza kwa subira, mahali ambapo mwenyekiti wa kijiji hawasikii, fidia italipwa kwa mtu asiye sahihi na ugomvi utabaki katika ukoo kwa miaka. Jifunze kuandaa dodoso, kuendesha mahojiano na kusoma Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo ndiyo msingi wa tathmini za athari za miradi kwa mazingira na jamii.

Kuna mtu ananiuzia ripoti ya utafiti iliyokamilika. Kuna ubaya gani, na wenzangu wote wananunua? (Morogoro)

Ubaya ni mkubwa. Ni wizi wa kitaaluma unaoweza kukufukuzisha chuo, na kwa wengi wenu utafiti huo ndio kazi pekee ya fani mtakayoifanya wenyewe kabla ya kuhitimu. Msaili akikuuliza uliwapataje wahojiwa wako, au ulifanya nini mmoja alipokataa kuendelea, utamjibu nini? Anayezoea majibu ya kubuni chuoni atayapeleka kesho katika orodha ya fidia, na familia ya mtu itaumia. Kama umekwisha kulipa, iache fedha hiyo ipotee. Mwone msimamizi wako wiki hii, mwombe muda, kisha uchague mada ndogo unayoweza kuifanyia mahojiano katika mtaa unaoishi.