Maswali na Majibu: Uwindaji wa Sili kwa Biashara

SWALI: Wanaotetea uwindaji wa sili wa Kanada husema mnyama hufa papo hapo. Wanaoupinga husema huchunwa angali hai. Nani tumwamini?

JIBU: Anzia kwenye sheria yenyewe. Kanuni za Kanada zinadai hatua tatu. Kwanza, sili apigwe kichwani, kwa risasi au kwa hakapiki, mpaka fuvu lipondeke. Hakapiki ni mpini wa mbao wa sentimita 105 hadi 153 wenye kichwa cha chuma kisichopungua gramu 340. Upande mmoja kina nundu butu ya kupigia, wa pili mwiba uliopinda. Pili, mwindaji alipapase fuvu kwa mkono, ahakikishe nusu ya kushoto na ya kulia zote zimevunjika. Tatu, akate mishipa ya damu iliyo chini ya mapezi mawili ya mbele, kisha asubiri angalau dakika moja kabla ya kuchuna. Sili aliyepita umri wa mwaka mmoja hapigwi hakapiki kabla ya kupigwa risasi.

Hatua hizo zikifuatwa, sili hupoteza fahamu mara moja. Mwili unaweza kuendelea kujipinda kana kwamba anaogelea hata ubongo ukiwa umeshakufa, kwa hiyo picha ya sili anayetikisika si ushahidi tosha kwamba yu hai. Lakini kutulia nako si ushahidi kwamba amekufa. Ndiyo maana hatua ya pili ni ya mkono, si ya macho, na hapo ndipo mambo huharibika.

Siku hizi wengi hupigwa risasi, mara nyingi kutoka kwenye mashua inayoyumba, naye sili yuko juu ya pande la barafu linaloelea. Ili alipapase fuvu, mwindaji lazima asogeze mashua, ashuke kama barafu inambeba, au amvute sili juu kwa ndoano. Dakika zinapita. Aliyejeruhiwa tu huteleza majini, akafia chini ya barafu pasipo mtu kumwona. Biashara nayo inazidisha ubaya: ngozi yenye matundu ya risasi hushuka bei, hivyo risasi ya pili, ile ambayo ingemkatia mnyama mateso, ni hasara kwa aliyeshika bunduki.

Mwaka 2007 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilihitimisha kwamba sili anaweza kuuawa haraka bila maumivu yanayoepukika, ila kwa vitendo haiwi hivyo kila mara. Kwetu sisi, hilo la "kila mara" ndilo linaloamua. Kama hatua ya pili haiwezi kuhakikishwa kwa kila mnyama, kuua maelfu kwa ajili ya makoti hakuna uhalali.

SWALI: Je, vile vichanga vyeupe bado vinauawa?

JIBU: Si kwa biashara nchini Kanada, ilipigwa marufuku mwaka 1987, baada ya soko la Ulaya la ngozi zao kufungwa mwaka 1983. Lakini usitulie mapema. Manyoya meupe huanza kunyonyoka mtoto akiwa na wiki mbili hivi, na akifika siku 25 hivi amebaki na ya kijivu yenye madoa. Hapo sheria inamruhusu mwindaji, na wengi wanaouawa hawajatimiza miezi mitatu. Kilichobadilika sana ni rangi.

Namibia huwinda jamii nyingine ya sili, kuanzia 1 Julai hadi 15 Novemba. Watoto hutengwa na bahari na kupigwa marungu. Wengi wao bado wananyonya. Afrika Kusini iliacha mwaka 1990.

SWALI: Kupinga biashara hii si kuwaonea Wainuiti, wenyeji wa asili wa Aktiki?

JIBU: Huwaumiza, na wapinzani wanapaswa kukiri hivyo. Mwinuiti humla sili nyama, na ngozi anayouza humpatia mafuta ya mashua na risasi. Sheria ya Ulaya ya 2009, iliyopiga marufuku kuuza bidhaa za sili, iliwapa msamaha, lakini wanunuzi waliikimbia ngozi ya sili ya kila namna, kama walivyofanya baada ya 1983. Mwaka 2014 Shirika la Biashara Duniani lilikubali kwamba maadili ya umma ni sababu halali ya marufuku, ila likakosoa jinsi msamaha ulivyotekelezwa. Ulaya ikarekebisha sheria mwaka 2015, ikaongeza sharti kwamba hata uwindaji wa wenyeji uzingatie maumivu ya mnyama.

Kwa hiyo ngozi ya Wainuiti inayoingizwa sokoni Ulaya huja na hati ya uthibitisho kutoka chombo kinachotambuliwa, kwa mfano cha serikali ya Greenland au ya Nunavut, eneo la Wainuiti nchini Kanada. Mwagizaji asiridhike na neno la muuzaji. Adai hati hiyo.